Mnunuzi wa Kweli Ni Msumbufu

Saiba yangu nilishaifunga, lakini watu wa Kisii na Nyamira hawajakubali kwamba imefungwa. Simu hulia, na picha ya ujumbe huingia: leo imetoka kwa mkulima wa parachichi Kebirigo, kesho kwa mama wa duka la nguo Keroka, kesho kutwa kwa mchonga mawe wa Tabaka. Chini ya picha huwa na swali lile lile. "Mwalimu, hebu angalia hii. Ni watu ama ni wakora?"

Zamani swali hilo halikunipa kazi. Barua ya mkora ilijulikana ukiitupia jicho: Kiingereza cha kuokoteza, herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, mjane wa jenerali fulani, mamilioni yaliyokwama benki. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alieleza kwa hesabu kwa nini walaghai hawakuhangaika kuzisafisha barua hizo. Alisema upuuzi wenyewe ulikuwa chujio. Mwenye shaka huitupa barua mapema, anabaki yule tu atakayefuata hadi mwisho, na tapeli hapotezi muda kwa mtu asiyelika. Ilikuwa hoja nzuri kwa wakati wake. Siku hizi kuna programu zinazomwandikia mkora Kiingereza cha wakili na Kiswahili cha mwalimu wa sekondari, tena kwa sekunde chache. Ndiyo maana mwaka huu nimekuwa nikirudi nyuma kwenye ile miaka ya modemu na viti vya plastiki, nikijiuliza ni nini kilichokuwa kikituonya zaidi ya sarufi.

Tulianza kazi mjini Kisii wakati intaneti ikipita kwenye waya wa simu, miaka kadhaa kabla ya nyaya za chini ya bahari kutua Mombasa mwaka 2009. Mvua ya alasiri ikianza, na Kisii mvua ya alasiri ni desturi, laini ilikatika. Tulitoza kwa dakika. Wateja wetu wakubwa walikuwa wachongaji na wachuuzi wa mawe ya sabuni, na wengi wao hawakugusa kibodi. Mzee aliketi kando yangu, akasema kwa Ekegusii anachotaka, nami nikachapa kwa Kiingereza. Jibu likija nililitoa kwenye karatasi nikamsomea, mara nyingine mke wake na kifungua mimba wao wakiwa wamesimama nyuma ya kiti. Hivyo ndivyo nilivyogeuka msomaji wa barua za biashara za nyumba nyingi.

Ili mtu aelewe barua hizo, yafaa alijue jiwe lenyewe. Hutolewa machimboni Tabaka kwa sururu na mtaimbo, likakatwa kwa panga, likachongwa kwa kisu na patasi. Kisha wanawake hulipiga msasa ndani ya beseni la maji, msasa wa kukwaruza kwanza, halafu ule mlaini, mpaka jiwe liwe laini kama shavu la mtoto na viganja vyao viwe vyeupe. Mwisho ni rangi kwa lile linalotiwa rangi, na nta ya kung'arisha. Jiwe hili ni zito, na ukilidondosha linapasuka. Uzito, kupasuka na rangi: mambo haya matatu hayaepukiki kwa mtu yeyote anayelinunua kwa dhati ili alisafirishe mbali.

Siku moja mzee mmoja wa Tabaka alipata barua iliyosema imetoka London. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu. Mwandishi alitaka vinyago mia kadhaa, "vya aina yoyote mliyonayo", bei aliyotajiwa aliikubali bila kupunguza hata senti, na malipo angetuma kwa hundi. Ila hundi ingezidi bei. Ile ziada mzee aitoe, aitume kwa wakala wa meli kupitia huduma ya kutuma fedha kwa waya, ndipo mzigo uchukuliwe. Mzee alisimama akanipa mkono mara mbili. Mke wake hakusimama. Vumbi la jiwe lilikuwa bado kwenye mikunjo ya vidole vyake. Akaniambia nisome tena, polepole.

"Ameuliza tutavifunga na nini?"

"Hajauliza, mama."

"Rangi je? Ameuliza ukubwa?"

"Hapana."

"Basi huyo hanunui mawe," akasema, akamgeukia mumewe. "Hajui hata kama yanapasuka."

Hundi ilifika kweli, na mhuri mzuri. Karani wa benki, mtu mwenye subira, alitueleza jambo ambalo wengi hawakulijua: benki inaweza kukuwekea fedha kwenye akaunti kabla ile ya ng'ambo haijajibu, na hundi ikikataliwa wiki kadhaa baadaye, deni ni lako. Katika nafasi hiyo ndogo, kati ya fedha kuonekana na fedha kuwapo, ndimo tapeli anamoishi. Barua za kuhimiza zikafuatana. Meli inaondoka, wakala amekasirika, mteja atavunja mkataba. Mzee alikuwa akinitazama kila nilipomsomea moja, kisha akimtazama mkewe, na mama akiendelea kukataa kwa kichwa. Hundi ikarudi ikiwa haina thamani. Ziada haikuwa imetumwa. Najua nyumba nyingine ambako ilitumwa, na ng'ombe wakauzwa kulipa deni la benki.

Yule mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini nadhani alikuwa amepita wataalamu wengi. Sisi wengine tunaitafuta hila katika yaliyoandikwa. Yeye aliitafuta katika yale ambayo mtu wa biashara yake asingeweza kuacha kuyauliza.

Baadaye kidogo ikaja barua ya namna nyingine, safari hii kwa mwenye duka la vinyago pale mjini. Iliandikwa kwa herufi kubwa tupu, na Kiingereza kilichokuwa Kiitaliano kilichobadilishwa maneno. Mwenye duka aliangalia mistari miwili akacheka. "Hawa ndio wenyewe. Futa." Nilimwomba nimsomee yote kwanza. Mwandishi aliuliza kama ule weusi ni wa jiwe ama ni dawa ya viatu, na kama utatoka bakuli likitiwa ndimu. Aliuliza unene wa bakuli kwa milimita. Aliuliza masanduku yatajazwa nini, nyasi au magazeti, maana mzigo aliowahi kununua kwa mtu mwingine ulifika nusu yake vigae, na safari hii nani atalipa vilivyovunjika? Kisha akataka apunguziwe theluthi ya bei. Mwenye duka alichukizwa na hilo la mwisho kuliko yote. Hatukujibu.

Ikaja barua ya pili, bado kwa herufi kubwa, kali zaidi, ikiuliza sisi ni wafanyabiashara wa namna gani tusiojibu maswali. Hapo hata mwenye duka alinyamaza. Mkora hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya unene wa bakuli. Tulijibu, na mama yule wa Italia akanunua kwa miaka, kila mzigo na malalamiko yake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya Charles Bond na Bella DePaulo, waliokusanya tafiti nyingi kuhusu watu wanavyotambua uongo na kuzijumlisha mwaka 2006. Mtu wa kawaida, akipewa kauli na kuulizwa ni ya kweli au la, hupatia kama mara 54 katika mia. Yaani afadhali kidogo tu kuliko kurusha sarafu. Timothy Levine, mwalimu wa mawasiliano wa Marekani, anaongeza kwamba binadamu huanza kwa kuamini, na kwamba uongo mwingi hugunduliwa baadaye, kwa ushahidi unaotoka nje ya maneno yenyewe. Nilipoyasoma niliukumbuka mjadala wa saiba, vijana wakibishana kama mwandishi "anasikika" mkweli. Kusikika hakukutusaidia. Tuliokolewa na vitu: jiwe, nyasi, hundi, tarehe ya benki.

Kisha simu ikaingia kila mfuko. M-Pesa ilianza Machi 2007, na si muda mrefu watu waliokuwa wakija kusomewa barua wakawa wanasoma wenyewe kwenye mulika mwizi. Nami nikaongeza kibanda cha wakala Keroka, mji uliokaa mpakani, upande mmoja wa barabara Kisii na mwingine Nyamira. Hapo niliuona uongo mfupi kuliko wote, herufi zisizozidi mia mbili: "Imethibitishwa, umepokea shilingi elfu kadhaa kutoka kwa fulani." Dakika haijaisha simu inalia. Mtu analia kweli kweli, ametuma kimakosa, mtoto yuko hospitali, tafadhali mama nirudishie.

Mchuuzi mmoja wa ndizi, anayejaza lori la Nairobi mikungu ya Nyamira, alikuwa na dawa yake. Hakubishana na anayelia. Alifungua ujumbe akasoma mstari wa mwisho, ule unaotaja salio jipya. Ujumbe wa kweli unajua ulikuwa na ngapi na sasa una ngapi. Mkora hajui, anaandika salio la kubuni au analiruka. Akimaliza hapo alipiga *334# aangalie mwenyewe, kisha alimjibu mtu wa simu kwa adabu: "Kama ulikosea, ndugu yangu, peleka ule ujumbe wako kwa 456, Safaricom watakurudishia. Mimi sihitajiki hapo." Mara nyingi simu ilikatwa kabla hajamaliza sentensi. Aliyekosea kwa kweli angeshukuru, kwa kuwa njia hiyo ipo na haipiti kwenye huruma ya mtu.

Nimeangalia sana neno "haraka" katika jumbe hizi. Wengi hufundishwa kwamba haraka ni dalili ya utapeli, na ni kweli nusu. Watu wa biashara nao wana haraka. Ndizi zinaiva, lori linaondoka saa kumi na moja. Ila haraka ya mwenye ndizi inatokana na ndizi, na unaweza kwenda kuiangalia. Haraka ya mkora inatokana na hadithi, na ukiuliza inakuwa hadithi nyingine.

Lililoniuma zaidi lilikuja kwa Ekegusii. Mwalimu mstaafu, jirani yetu upande wa Nyamira, alipigiwa simu asubuhi. "Bwakire buya, Mwalimu." Sauti ya kijana wa heshima, lafudhi ya nyumbani kabisa. Alijua ukoo wake, alijua mtoto wake wa tatu yuko Marekani, alijua amefiwa na kaka. Alisema yuko ofisi ya ununuzi ya shirika fulani la misaada, na kwa kuwa anamheshimu kama mzazi amemtengea zabuni ya kupeleka maharagwe shuleni. Kilichokosekana ni dawa maalumu ya kuhifadhi magunia. Muuzaji wake ni mmoja tu, namba yake hii hapa, anunue leo na shirika litamrudishia na faida. Mwalimu alinunua. Dawa haikuja, na namba zote mbili zikazimwa.

Wanawe walimlaumu kwa kuamini. Mimi sikuona la kumlaumu. Mtu aliyekusalimu kwa lugha ya mama yako na kukutajia kaka yako marehemu, utaanzia wapi kumshuku? Ila siku ya pili nilipita mbele ya duka la chakula nikaona tangazo la mazishi ya yule kaka, bado limebandikwa ukutani, limeanza kufifia kwa mvua. Lilikuwa na kila kitu. Baba wa fulani, ndugu wa Mwalimu fulani, mjomba wa fulani aliye Marekani, ukoo, kijiji, kanisa. Sisi Abagusii tunawaheshimu wafu wetu kwa kuwataja walio hai wote, na karatasi hiyo hiyo hupigwa picha ikazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya harambee. Kijana hakuhitaji kumjua Mwalimu. Alihitaji kusoma ukuta. Tangu siku ile mtu akiniambia "lakini alijua jina la mama yangu", namuuliza ni nani mwingine angeweza kulijua. Kwa kawaida orodha huwa ndefu.

Mwalimu aliandikisha taarifa polisi. Sheria ipo, ile ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018, na ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka 333 bila malipo. Lakini fedha za simu zikishatolewa kwa wakala mwingine huko mbali, sheria hubaki ikifuata vumbi.

Kuna uongo mmoja ambao hata yule mama wa Tabaka asingeugundua kwa maswali yake, nao niliuona nikiwa nimeajiriwa kuandika barua za msafirishaji mmoja mjini Kisii. Mnunuzi wetu wa Ulaya alipata barua pepe kutoka "kwetu". Mazungumzo yetu yote ya nyuma yalikuwa chini yake, bei sahihi, idadi sahihi, hata utani wangu kuhusu mvua. Kilichobadilika ni akaunti ya benki. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua zetu na kukaa kimya akisoma, akingoja siku ya ankara. Anwani aliyotumia ilifanana na yetu, ila penye herufi m palikuwa na r na n zilizobanana. Kwenye skrini ya simu huioni tofauti hata ukiambiwa.

Kilichotuokoa ni kwamba mnunuzi huyo alikuwa msumbufu wa kuzaliwa. Hakulipa. Alipiga simu, kwa namba aliyoandika kwenye daftari lake miaka ya nyuma, akaanza kugomba kwa nini tunabadilisha benki bila kumwambia mapema. Tulikuwa tukimcheka kwa tabia hiyo. Utapeli wa aina hii ndio unaokula fedha nyingi za makampuni duniani. Shirika la FBI la Marekani liliandikishiwa hasara ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 peke yake. Makampuni yenye mawakili na wataalamu wa kompyuta hulipa akaunti isiyo yao kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana msumbufu.

Narudi kwenye jumbe za siku hizi, ambazo mwanzo zilinitatiza. Mpwa wangu ana miti ya parachichi aina ya Hass juu ya Kebirigo. Mwishoni mwa mwaka jana alinipigia akiwa amechangamka. "Mjomba, nimepata mtu wa Dubai." Nikamwambia anitumie mazungumzo. Yalikuwa masafi: salamu, nembo, ujumbe wa sauti wenye utulivu. Na huyu, tofauti na wa London, aliuliza. Una miti mingapi? Saizi gani? Matunda ni ya umri gani? Nilikuna kichwa. Wakora wamejifunza kuuliza, nikasema, au programu zimewafunza.

Lakini mtu anayeuliza kwa dhati husikiliza jibu. Hass hupangwa kwa idadi inayojaa katoni ya kilo nne. Tunda la kawaida lina gramu mia mbili hivi. Nilimwambia mpwa wangu ajibu kwamba matunda yake ni makubwa, kila moja kilo mbili. Jibu lilirudi haraka na alama ya dole gumba: vizuri kabisa, ndiyo saizi wateja wetu wanayopenda. Tukamwambia yamechumwa bila vikonyo na yamekaa juani siku nne. Safi sana. Tukauliza kontena litaondoka lini kwa meli. Wiki ijayo. Ilikuwa Desemba, na kwa miaka ya karibuni Kurugenzi ya Mazao ya Bustani imekuwa ikifunga uvunaji wa Hass za kupeleka kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka, ili matunda machanga yasiharibu jina la Kenya sokoni. Mnunuzi wa Dubai asiyejua hilo ni sawa na mvuvi asiyejua kama ziwa lina maji. Baada ya hapo ikaja ada ya cheti, kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Msimu ulipofunguliwa akajitokeza mwingine, namba ngeni vilevile, picha ya wasifu ikiwa lori. Huyu naye aliuliza saizi. Mpwa wangu, ambaye sasa amenogewa, akamjibu kilo mbili. Jamaa akamjibu, "Wewe unauza parachichi ama boga?" na akataka kujua wanachuma kwa ngazi au wanatikisa matawi. Mpwa wangu akanipigia: tumfanyeje? Nikamwambia amwalike aje aone miti. Alikuja kwa bodaboda, matope hadi magotini, akiwa na kisu na mizani ndogo. Akakata tunda, akalitazama, akakata lingine. Akasema vikonyo vimekatwa vifupi mno, akakataa miti yote ya upande wa mto, akapunguza bei, akalipa nusu ya alichotarajiwa kulipa, na akaahidi kurudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya iliyobaki. Mpwa wangu bado anamlalamikia.